Bunduki Tupu ya Mama Daktari

Kila Jumamosi asubuhi, kabla hata chai haijachemka, Mama Daktari alitandika gazeti kuukuu juu ya meza ya chumba cha mbele na kusafisha vifaa vyake vya kazi. Alikuwa daktari pekee wa mifugo wa serikali katika mji ule, na chumba hicho ndicho kilichokuwa ofisi yake. Palikuwa na jokofu dogo la chanjo, mizani ya kupimia mbwa na mbuzi, kabati la chuma, na ukutani kalenda yenye picha ya ng'ombe aliyenona kuliko ng'ombe yeyote aliyewahi kupita mtaani kwao.

Binti yake alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Watu walimwita Kidaktari, naye hakukataa. Alichemsha sindano, alifuta chupa na kuandika kwenye daftari dawa zilizokwisha. Alikuwa ameshaamua kwamba akikua atafanya kazi ya mama yake, na mtoto yule akishaamua jambo, kumgeuza ilikuwa kazi ya bure.

Kifaa cha mwisho kusafishwa kilikuwa bunduki. Ilikuwa bunduki ndogo ya zamani, yenye mtutu mwembamba na kitako cha mti kilichong'aa kwa kushikwashikwa. Mama Daktari aliitumia kwa jambo moja tu. Ng'ombe au punda akivunjika vibaya, au akishikwa na ugonjwa usio na tiba, alimpumzisha kwa risasi moja. Dawa ya sindano ya kumlaza mnyama mkubwa ilikuwa adimu, na mara nyingi haikuwapo.

"Mnyama hatakiwi kuogopa wala kungoja," alizoea kumwambia binti yake. "Mara moja, basi. Ndiyo maana mkono wangu hautakiwi kutetemeka."

Aliifungua bunduki, akachungulia ndani, akapitisha kidole kuhakikisha hamna risasi, akaipaka mafuta. Kisha alisogea dirishani penye mwanga, akampa binti yake mgongo, akaifunga na kuvuta triga. Tik. "Nalegeza springi," alisema kila mara, "isikae imekazwa wiki nzima." Baada ya hapo aliifungia kabatini na kuvaa ufunguo shingoni.

Kidaktari aliyatazama hayo Jumamosi baada ya Jumamosi, na akajiona ameyajua yote.

Sasa, ufunguo ule ulikuwa na dosari yake. Mama Daktari alipokwenda kwenye mabanda ya ng'ombe alivaa ovaroli, na ili ufunguo usimdondoke kwenye samadi, aliuvua na kuutundika kwenye msumari nyuma ya mlango. Alimwamini binti yake. Na kwa kweli Kidaktari hakuwa mtoto mtundu. Hakuiba sukari, hakuchelewa shule. Alichokitaka ni kimoja tu: mkono usiotetemeka.

Kwa hiyo siku moja mama alipokuwa mabandani, aliichukua bunduki. Aliifungua, akachungulia ndani mara tatu. Hamna kitu. Hakuielekeza dirishani wala mlangoni. Aliielekeza kwenye kalenda, kwenye paji la uso la yule ng'ombe mnene, akashusha pumzi kama alivyomwona mama yake akifanya, akavuta. Tik. Mkono ulitetemeka. Akavuta tena. Siku ya kwanza alifanya mara kumi. Mwisho wa mwezi alikuwa anafanya mara hamsini kwa mkupuo mmoja, na mkono ukawa umetulia kama umeegemezwa ukutani.

Siku moja rafiki yake alimkuta. Rafiki huyo aliitwa Redio, maana alianza kusema asubuhi na hakuzimwa mpaka jioni.

"Mungu wangu, mama yako anajua?" Redio aliuliza akiwa mlangoni.

"Haina risasi. Njoo uangalie mwenyewe."

"Sitaki kuangalia. Na hivyo unavyoivuta tupu tupu, haiharibiki?"

Kidaktari alicheka. "Itaharibikaje na hakuna kinachotoka? Mbona mama mwenyewe huivuta?"

Redio aliutazama mtutu, akarudi hatua moja nyuma. Aliapa hatasema, na kwa maajabu, hakusema.

Jumanne moja, katikati ya mazoezi, mlio ulibadilika. Badala ya tik, bunduki ilitoa sauti nzito, kavu, ya kitu kilichogota. Kidaktari aliivuta mara moja zaidi, na sauti ikawa ile ile. Aliifuta kwa kitambaa, akairudisha kabatini, akautundika ufunguo pale pale, akaenda kuchambua mchele wa jioni bila kutumwa.

Alijiambia atamweleza mama baada ya chakula. Baada ya chakula mama alikuwa amechoka. Akajiambia kesho. Kesho ikaja na mambo yake, na keshokutwa ikaja na yake. Jumamosi alikaa mezani akingoja kugunduliwa, karibu aombe agunduliwe. Lakini kabla mama hajamaliza kufuta kitako, mtu alibisha hodi akiwa amebeba mbwa aliyegongwa na pikipiki. Bunduki ikarudishwa kabatini bila kufunguliwa. Kidaktari alishusha pumzi, akamshukuru Mungu kwa ajili ya yule mbwa, na hata yeye mwenyewe aliona aibu kwa shukrani hiyo.

Zikapita siku tisa tangu ile Jumanne.

Katika mtaa wao alikuwapo mzee mmoja mwenye mkokoteni wa punda, aliyebeba matofali kutoka tanuri hadi kwa wajenzi. Watu walimwita Babu Tofali. Punda wake aliitwa Bosi, kwa sababu, kama mzee mwenyewe alivyoeleza, ndiye aliyeamua wataondoka saa ngapi na watapumzika wapi. Kila asubuhi Kidaktari aliweka begi lake juu ya mkokoteni na kutembea kando yao hadi kona ya shule. Alimpa Bosi maganda ya ndizi, na Bosi alimsukuma kwa pua akidai zaidi. Ilikuwa hivyo tangu Kidaktari alipoanza darasa la kwanza.

Alhamisi hiyo, kengele ya saa nane ilipolia, watoto walitoka shuleni wakakuta watu wamejaa kwenye mteremko. Gurudumu la mkokoteni lilikuwa limeingia mtaroni, mzigo wote ukaja mbele. Bosi alikuwa amelala chini kati ya matofali, na miguu yake ya mbele ilikuwa imekunjika mahali ambapo mguu haukunjiki. Hakuwa akilia. Alikuwa akihema, na kila mara alijaribu kuinuka.

Babu Tofali alikuwa amepiga magoti, amemshika kichwa. "Tulia, baba," alimwambia. "Tulia. Mama Daktari anakuja."

Mama Daktari alikuja mbio na mkoba begani na bunduki mkononi. Alipima miguu kwa vidole vyake, akamtazama mzee, akatikisa kichwa. Hawakuhitaji maneno. Babu Tofali aliinama, akamwambia Bosi jambo sikioni ambalo hakuna aliyelisikia, akasogea kando akiwa bado amelishika sikio.

"Rudini nyuma wote. Watoto, geukeni."

Kidaktari hakugeuka. Alimwona mama yake akiweka risasi, akishusha pumzi, mkono umetulia. Triga ikavutwa. Ikasikika ile sauti nzito, kavu.

Mama Daktari alishangaa. Alitoa risasi, akaweka nyingine. Sauti ile ile. Akaweka ya tatu. Bosi alikuwa amefumbua macho, anamtazama.

"Labda risasi zimeshika unyevu," Babu Tofali alisema kwa upole, kama vile yeye ndiye anayepaswa kumfariji daktari.

"Labda, Mzee wangu. Nisamehe."

Kidaktari aliuona mkono wa mama yake, mkono ule ambao haukuwahi kutetemeka, ukitetemeka. Upande wa pili wa kundi la watu Redio alikuwa amesimama, anamtazama yeye. Hakusema neno. Kidaktari alitamani angesema.

Mkobani mlikuwa na dawa ya maumivu, nusu chupa, ya kumtosha mbuzi. Mama Daktari alimchoma Bosi yote. Kisha akampigia simu daktari mwenzake wa mji wa jirani, ambaye alikuwa na dawa ya kumlaza, naye akasema anapanda pikipiki sasa hivi. Lakini sasa hivi ya mtu aliye mbali si sasa hivi ya anayeumia. Kidaktari alileta ndoo ya maji, akaloanisha kitambaa, akamfuta Bosi midomo. Saa moja ikapita, ya pili ikapita. Dawa ilipokwisha nguvu, Bosi alianza kutoa sauti ambayo Kidaktari hakujua kwamba punda anayo. Watu wazima waliondoka mmoja mmoja kwa kushindwa kuisikiliza. Babu Tofali hakuondoka. Aliimba kwa sauti ya chini wimbo anaoimba njiani, mpaka sauti ikamkauka.

Daktari wa pili alifika jua likikaribia kuzama. Bosi aliumia saa nne kamili kabla ya kulala.

Kesho yake mtaa ulikuwa na la kusema. "Analea kutu kabatini na mshahara anakula," alisema mwenye duka, huku Kidaktari akiwa amesimama mbele yake na sabuni mkononi. Mteja mwingine aliongeza kuwa kama bunduki ya serikali imefikia hapo, mama huyo apumzishwe yeye. Kidaktari alirudi nyumbani bila kungoja chenji.

Mchana mama yake alimchukua wakaenda kwa fundi wa bunduki. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja chenye kibali kilichobandikwa ukutani na harufu ya mafuta. Fundi alikuwa mtu wa mizaha, na aliipokea bunduki kama anapokea mgonjwa. "Shikamoo bibi," aliiambia. "Unasumbuliwa na nini?"

Lakini alipoifungua na kuielekeza kwenye taa, mizaha ikaisha. Alitoa kijichuma chembamba, akakiweka kiganjani. Ncha yake ilikuwa imebonyea na kukatika.

"Hii ndiyo pini," alisema. "Ndiyo inayogonga risasi ikalipuka. Mama Daktari, bunduki hii imefyatuliwa tupu. Tena si mara moja wala mara kumi."

"Mimi huilegeza springi mara moja kwa wiki, Fundi, na huweka ganda la risasi lililokwishatumika. Wewe mwenyewe ulinifundisha."

Kidaktari aliinua kichwa. Ganda. Jumamosi zote zile, pale dirishani, mama akiwa amempa mgongo, alikuwa akiweka ganda.

"Ukiweka ganda, pini inapiga ukingo wa ganda, nao ni laini," fundi alieleza. "Usipoweka kitu, inapiga chuma cha mtutu. Chuma kwa chuma, siku baada ya siku, lazima kimoja kiumie. Kuna bunduki nyingine, hasa zile ambazo pini hugonga katikati ya risasi, huvumilia. Hii ndogo ya kizamani hugonga pembeni, haivumilii hata kidogo. Sasa nani mwingine anaishika?"

"Hakuna."

Fundi alikuna kichwa, akavuta fomu. "Basi ofisi ya vibali vya silaha inataka sababu. Na nikiandika matumizi mabaya, kibali chako kitasimamishwa. Unajua."

"Andika," Mama Daktari alisema. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka kabisa. "Andika ni uzembe wangu. Huenda nimeanza kuzeeka, nasahau ganda bila kujua."

Fundi akashika kalamu. Kidaktari aliitazama kalamu ikishuka kwenye karatasi, na akahisi kuwa ikiigusa tu, hatakuwa tena mtoto wa mtu yeyote.

"Ni mimi," alisema.

Aliyasema yote. Msumari, kalenda, mara hamsini, ile Jumanne. Alisema alitaka mkono wake uwe kama wa mama. Mama Daktari alimsikiliza hadi mwisho, kisha akatoka nje, akakaa kwenye ngazi ya karakana na kujifunika uso kwa mikono. Kidaktari hakuwahi kumwona mama yake akilia. Angependa apigwe kuliko kuona hivyo.

"Usiku kucha," mama alisema alipoweza kusema, "nilikuwa najiuliza nimekosea wapi. Uliniona nikijiuliza. Ukaninyamazia."

"Nisamehe, mama."

"Kosa la ufunguo ni langu. Silaha haitundikwi msumarini, hata kama nyumba ni ya malaika. Nitalisema ofisini kwa kinywa changu. Na wewe ulikuwa na bahati kwa jambo moja: watoto wengi walioshika bunduki wakidhani ni tupu walimzika mtu kesho yake. Hutaigusa tena mpaka uwe na kibali chako mwenyewe." Alijifuta macho kwa upindo wa kanga. "Kwangu umeshasema. Kwa Babu Tofali utakwenda peke yako."

Fundi, aliyekuwa amesimama mlangoni, alikohoa. "Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, Mama Daktari. Pini nitaichonga mpya. Jumatatu iko tayari, na fomu nitaandika kama ilivyokuwa."

Pini ilihitaji siku tatu tu, na yeye alikuwa amenyamaza siku tisa. Kidaktari aliihesabu hesabu hiyo njia nzima, na kila alivyoihesabu, jibu halikubadilika.

Jumamosi asubuhi alimkuta Babu Tofali chini ya kilima cha tanuri. Mkokoteni ulikuwa umejaa. Mzee mwenyewe alikuwa ameingia kati ya mikono ya mkokoteni, mahali pa Bosi, na kamba ameipitisha kifuani. Wajenzi walikuwa wanangoja matofali yao, na yeye hakuwa mtu wa kuvunja ahadi.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Leo sina nafasi ya begi."

"Sikuja kwa ajili ya begi." Akamwambia. Hakujipunguzia hata tone. Alipofika kwenye siku tisa alikwama, akaanza upya, akamaliza.

Babu Tofali aliivua kamba kifuani taratibu. Alikaa juu ya mkono wa mkokoteni.

"Kwa hiyo pale ulipokuwa unamfuta midomo, ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua, Babu."

"Na mimi niliposema unyevu, ulikuwa unanisikia."

"Nilikuwa nakusikia."

Mzee alitikisa kichwa. Machozi yalimtoka na hakuyafuta. "Miaka kumi na minne nimetembea na punda yule. Sitakudanganya kwamba moyo wangu umepoa, maana haujapoa. Nipe muda wangu." Akaizungusha kamba mkononi. "Lakini sikiliza, kwa kuwa umekuja kwa miguu yako. Kitu kumvunjikia mtoto mkononi ni jambo la kila siku. Ungesema ile Jumanne, mama yako angekugombeza, ungelia, ungelala, na asubuhi ungeamka. Wewe ulikwepa kugombezwa dakika kumi, na Bosi akazilipa kwa saa nne. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Safari hii aliyeficha hakuguswa, akaguswa asiye na kosa. Mara nyingi huwa hivyo. Ukiharibu, sema siku hiyo hiyo, kabla hajatokea wa kukulipia."

"Nitasema, Babu. Na dukani pia nimesema, nilipokuwa nakuja hapa. Wote wanajua sasa si mama."

"Umefanya vizuri." Hakutabasamu. Alisimama, akaipitisha tena kamba kifuani. "Kaa nyuma, usukume. Kilima hiki hakiendi peke yake."

Kidaktari aliweka viganja juu ya mbao za nyuma akasukuma. Matofali yalikuwa mazito kuliko alivyowahi kufikiri katika miaka yote aliyotembea kando yake mikono mitupu. Walikwenda hatua kwa hatua, mzee akihema mbele, mtoto akihema nyuma. Walipofika kileleni Babu Tofali alisimama kuvuta pumzi, na kwa mazoea akanyoosha mkono pembeni kama anayempapasa mtu shingo.

"Haya Bosi," alisema, "tumefika."

Mkono ukabaki hewani. Nyuma ya mzigo, mahali asipoonekana, Kidaktari alilia bila kutoa sauti. Kisha mzee akaikaza kamba kifuani, akasema twende, na wakaendelea.